Kamera ya filamu haiuawi na ganda lake

Ukisoma matangazo ya wanaouza kamera kuukuu za filamu, utaona sifa moja inatangulia zote: "chuma tupu". Lenzi inafuata baadaye. Usahihi wa shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye filamu kwa muda mfupi, unafuata baadaye zaidi, kama utatajwa kabisa. Muuzaji anajua mnunuzi wake anataka uzito mkononi, na anampa. Kamera ya plastiki huuzwa kwa kuombewa radhi, hata ikiwa inatoa picha kali kuliko jirani yake ya chuma.

Kipimo hiki kimetupotosha kwa muda mrefu. Kamera za filamu zilizokwisha kufa ni nyingi, na chache sana kati yake zimekufa kwa sababu ya ganda. Nyingi zimeuawa na vitu ambavyo mnunuzi haoni anapoigeuzageuza mkononi: utepe wa hariri, kipande cha sponji, kapasita, waya bapa uliokunjwa mara nyingi kuliko ulivyoweza kuvumilia. Mbunifu aliyetumia titani nje na kuacha waya dhaifu ndani amechagua malighafi vibaya, na hukumu hiyo haibadiliki kwa kuwa kamera yake inang'aa.

Ukiivua mapambo yote, mwili wa kamera ya filamu una kazi mbili ambazo haziepukiki. Uzuie mwanga usiotakiwa, na uishikilie lenzi mbele ya filamu kwa umbali usiobadilika. Kwenye Nikon F ya 1959, umbali kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu ni milimita 46.5, kwenye Leica za familia ya M ni milimita 27.8. Ukikosea kwa sehemu chache za mia za milimita, lenzi iliyofunguliwa wazi kabisa itaonyesha kosa hilo kwenye picha, hasa ikiwa filamu imekaa mshazari na upande mmoja umefifia. Hapa metali ina hoja ya kweli. Aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu kisha ikachongwa kwa mashine hubaki na vipimo vyake. Polikaboneti ya kawaida, aina ya plastiki ngumu, hupanuka kwa joto karibu mara tatu zaidi, na ikibanwa na skrubu kwa miaka hulegea taratibu. Ndiyo maana kamera nyingi tunazoziita za plastiki zina kiunzi cha metali ndani, kuanzia kwenye pete ya lenzi hadi kwenye reli ambazo filamu hupita juu yake. Ganda tunalolishika na kulibeza halibebi umbali huo hata kidogo. Ni koti tu.

Na si kila kamera inayohitaji usahihi huo. Kodak Brownie ya mwaka 1900, iliyobuniwa na Frank Brownell, ilikuwa sanduku la kadibodi ngumu lililovishwa ngozi ya bandia, na iliuzwa kwa dola 1. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 100,000. Lenzi yake ilikuwa sahili, yenye tundu dogo, na picha zake zilichapwa kwa ukubwa uleule wa negativu bila kukuzwa. Kwa lenzi ya namna hiyo, kadibodi ilishikilia umbali vizuri vya kutosha. Brownell hakubana matumizi mahali palipohitaji zaidi. Alijua kazi inadai nini akanunua kiasi hicho.

Plastiki ya kwanza iliyobadilisha umbo la kamera ilikuwa bakelaiti. Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji, alikuwa tayari ameacha alama kwenye upigaji picha kabla ya hapo: karatasi ya kuchapia picha iliyoitwa Velox, ambayo haki zake alimuuzia George Eastman mwaka 1899. Mwaka 1907 akaunganisha fenoli na fomaldehidi akapata kitu kigumu kisichoyeyuka tena kikishakauka. Malighafi hiyo huchanganywa na unga wa mbao, hukandamizwa kwa joto ndani ya kalibu, na hutoka ikiwa ya rangi nyeusi au kahawia. Kona kali haipendi. Kwenye kona kali haitiririki vizuri, hung'ang'ania kalibu, na baadaye hupasuka palepale. Kwa hiyo kona hupinda. Uso mpana ulio laini kabisa nao huonyesha kila kasoro ya mtiririko, kwa hiyo mbunifu huuwekea mistari iliyoinuka, ambayo juu ya kuficha kasoro huongeza ugumu wa ukuta. Tazama Baby Brownie ya 1934, iliyochorwa na Walter Dorwin Teague: kijisanduku cheusi chenye mabega ya mviringo na mistari ya wima. Vitabu vya sanaa huiweka kwenye mtindo wa enzi ile, na kweli ni ya mtindo huo, lakini sehemu kubwa ya mtindo huo iliamuliwa na kalibu kabla Teague hajashika penseli.

Mfano ninaoupenda zaidi wa enzi hiyo ni Argus A, iliyotoka Ann Arbor, Michigan, mwaka 1936. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa ikitengeneza redio, na ilikuwa imezoea makasha ya bakelaiti. Ikachukua ujuzi uleule ikamimina kamera ya milimita 35 na kuiuza dola 12.50, wakati kamera za Kijerumani za filamu hiyohiyo ziligharimu mara nyingi zaidi. Miaka mitatu baadaye ikafuata Argus C3, nzito na yenye pembe, ambayo Wamarekani waliipachika jina la tofali. Ni bakelaiti na metali vikiwa vimechanganywa bila aibu. Iliendelea kutengenezwa hadi 1966, na ziliuzwa zaidi ya milioni mbili. Bakelaiti ina ugonjwa wake: haibonyei, hupasuka. Lakini C3 iliyokaa kabatini bila kuanguka iko vilevile ilivyotoka kiwandani, na gia zake za nje zinaonekana kwa macho na zinasafishika kwa kitambaa. Sina hakika kwamba kamera nyingi za titani za miaka ya 1990 zitaweza kusema hivyo zikifika umri huo.

Teague huyohuyo alibuni Kodak Bantam Special ya 1936, ambayo ni nzuri kupita kiasi: aluminiamu iliyopakwa enameli nyeusi, na juu yake mistari ya metali tupu iliyoinuka ikizunguka mwili mzima. Mistari hiyo inapokea mikwaruzo ili enameli isibanduke. Pambo linalofanya kazi ni nadra, na hapa lipo.

Sasa shaba ya manjano, malighafi inayoabudiwa kuliko zote. Sifa zake ni za kweli. Hukatika vizuri kwenye mashine, hushika nyuzi za skrubu, hupokea kromu kwa usawa, na ikigongwa hubonyea badala ya kuvunjika, kwa hiyo fundi anaweza kuinyoosha. Ni nzito, gramu 8.5 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, mara tatu ya aluminiamu, na uzito huo ndio wengi wanaouita ubora. Ikipakwa rangi nyeusi na kutumika miaka, rangi hulika kwenye kingo na manjano hutokeza. Wapenzi wa kamera huyatamani manjano hayo kiasi kwamba wapo wanaoikwangua kamera mpya kwa makusudi ili ionekane imesafiri. (Nimewahi kuiona mikwaruzo hiyo mahali ambapo kidole hakifiki kabisa.)

Leica M3 ya 1954 ilikuwa na bamba la juu la shaba. Mwaka 1984 M6 ilipotoka, bamba hilo lilikuwa la zinki iliyomiminwa. Zinki ni nyepesi kidogo na rahisi zaidi kuzalisha kwa wingi: metali iliyoyeyuka inaingia kwenye kalibu na kutoka na umbo lake lote, matundu yakiwemo. Wateja wa zamani walinuna. Miaka ilipopita wakapata pa kusemea, kwa kuwa baadhi ya mabamba ya zinki huota vijivimbe chini ya kromu, kutu ya zinki ikisukuma kutoka ndani. Leica ilipoirudisha M6 sokoni mwaka 2022, bamba la juu lilichongwa kutoka kwenye shaba, na kampuni ikahakikisha kila mtu anajua.

Msimamo wangu kuhusu kisa hiki uko katikati. Walionuna walikuwa sahihi kwamba zinki ilipunguza gharama, na vijivimbe vile ni kasoro halisi. Lakini hakuna picha hata moja iliyoharibiwa na bamba la zinki. Vijivimbe hukaa juu ya kifuniko, mbali na lenzi na mbali na filamu. M6 ya 1984 na M3 ya 1954 zina shata ya aina moja, kitambaa kilichopakwa mpira, na hicho ndicho cha kukaguliwa kwanza na anayetaka kununua. Sijawahi kuona tangazo linalosema "kitambaa cha shata ni kizima" kwa herufi kubwa.

Shata ndiyo inayoeleza jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwaka 1932 Zeiss Ikon ilitoa Contax, kamera iliyokusudiwa kuipiku Leica, chini ya mhandisi Heinz Küppenbender. Leica ilitumia mapazia ya kitambaa. Wahandisi wa Zeiss waliona kitambaa ni udhaifu, na hawakukosea: kamera isiyo na kioo ndani ikiachwa ikitazama jua, lenzi hukusanya miale na kutoboa pazia. Basi wakatengeneza pazia la vipande vyembamba vya shaba, vimeunganishwa kimoja kwa kingine, vikijikunja na kujikunjua kwa wima. Shata hiyo ilifika sehemu ya 1/1000 ya sekunde wakati Leica ya wakati huo iliishia 1/500. Kwenye karatasi, shaba ilikuwa imekishinda kitambaa.

Lakini vipande vile vya shaba vilihitaji kuvutwa na kuongozwa, na kazi hiyo wakaipa tepe mbili za hariri. Kila picha, tepe hizo huvutwa kwa nguvu, husuguana na vijipete vya metali, hukaa zimekazwa. Zikichakaa hukatika, na pazia la shaba lisilo na doa linabaki limekwama katikati ya dirisha. Contax, pamoja na Kiev, yaani kamera za Kisovieti zilizotokana na michoro na mashine za Contax baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zimefunguliwa na mafundi dunia nzima kwa ugonjwa huu mmoja. Kubadilisha tepe kunahitaji mikono yenye subira: urefu wake lazima ulingane pande zote mbili kwa usahihi mkubwa, la sivyo pazia linatembea mshazari. Na mpinzani aliyedharauliwa, kitambaa chenye mpira, katika kamera nyingi za enzi hiyo bado kinafanya kazi, au kimebadilishwa mara moja na kinaendelea.

Walioitengeneza Contax hawakuwa wajinga, walikuwa miongoni mwa wahandisi bora wa zama zao. Waliimarisha sehemu waliyoiogopa, na mzigo ukahamia kwenye sehemu ambayo hawakuiogopa. Nikon walipokuja kutumia titani kwenye mapazia ya shata ya Nikon F, na baadaye kwenye vile vya shata ya FM2 ya 1982, waliitumia mahali ilipohitajika. Vile vya FM2 vilitiwa nakshi ya vyumba kama vya nyuki ili viwe vyembamba na vyepesi bila kulegea, na shata ikafika 1/4000 ya sekunde bila betri. Titani hiyo huioni mpaka ufungue mlango wa nyuma. Hakuna aliyeweza kuitangaza kwa mwonekano, na kwangu ndiyo matumizi bora ya titani katika historia ya kamera.

Sponji nayo ina kesi ya kujibu. Fungua mlango wa nyuma wa kamera ya SLR (ile inayolengea kupitia lenzi yenyewe kwa kutumia kioo) ya Kijapani ya miaka ya 1970 ambayo haijapita kwa fundi. Kwenye mfereji mwembamba unaouzunguka mlango kuna mstari mweusi. Uguse kwa kijiti cha meno. Ukibonyea na kurudi, una bahati. Mara nyingi haurudi: kijiti kinatoka na ute mweusi unaonata, na ukigusa kwa kidole utahitaji spiriti kuuondoa. Geuza kamera, toa lenzi, tazama juu pale kioo kinapogonga kila ukipiga picha. Kuna kipande kingine cha sponji ileile. Kikishalainika, kioo hukwama kwa nukta moja kabla ya kushuka, na punje nyeusi hudondokea kwenye skrini ya kulengea. Sponji hiyo ni poliyurethani, na unyevu wa hewa huivunja kidogo kidogo, kamera itumike isitumike. Kamera nzito ya metali inaanza kuvujisha mwanga kwa sababu ya malighafi isiyofikisha uzito wa gramu moja.

Dawa yake ni rahisi na kila fundi anaijua: kukwangua, kusafisha, kubandika mpya. Kinachonivutia ni kwamba tatizo lingeweza kuepukwa kwa umbo. Leica za M hazina sponji pale filamu inapoingizwa. Bamba la chini linaondoka, kijimlango cha nyuma kinalala ndani ya kingo zinazopandana, na mwanga ukitaka kuingia unalazimika kukata kona ambazo hauwezi kuzikata. Ni metali na mifereji tu. Kutengeneza kingo sahihi namna hiyo ni ghali, na kuweka filamu kutokea chini ni usumbufu ambao mpiga picha yeyote wa M amewahi kuulalamikia akiwa na haraka. Sponji iliwawezesha wengine kuwa na mlango mpana unaofunguka kwa urahisi na kamera ya bei nafuu. Ni biashara ya haki kwa miaka 15 ya kwanza. Hakuna aliyefikiri kamera hizo zingekuwa zinatafutwa nusu karne baadaye.

Ngozi niipite haraka. Kazi yake ni kushika, kuzuia baridi ya metali isifike mkononi, na kuficha skrubu. Kwenye kamera kadhaa za Ujerumani, ngozi nzuri na shaba nzuri zilipowekwa pamoja zilileta vijivimbe vya kutu ya kijani chini ya kifuniko, vinavyojulikana kwa wakusanyaji wote kwa jina la Zeiss. Malighafi mbili bora zinaweza kuchukiana.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyoharibu sifa ya plastiki, na ilifanya hivyo kwa kuificha. Polaroid SX-70 ya 1972, mradi wa Edwin Land uliobuniwa na ofisi ya Henry Dreyfuss, inaonekana ni chuma cha pua kilichosuguliwa na ngozi halisi. Ngozi ni halisi. Chuma si chuma: ni polisalfoni, aina ya plastiki, iliyochanganywa na nyuzi za kioo, kisha ikapakwa shaba, nikeli na kromu kwa umeme. Land alitaka kamera inayokunjika na kuingia mfukoni, yenye kioo, motori na picha inayojisafisha yenyewe mikononi, na kama ingejengwa kwa metali tupu mfuko ungechanika. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kuupaka kromu ulikuwa ujanja, lakini ujanja uliofanywa kwa ustadi kiasi kwamba watu wengi hadi leo hawajui. Toleo la pili la bei nafuu lilitumia plastiki wazi na ngozi ya bandia iitwayo Porvair, na hiyo Porvair ndiyo inayogeuka unga leo, wakati ganda la plastiki lenyewe ni zima.

Canon AE-1 ya 1976 ilifuata njia hiyohiyo kwa wingi mkubwa zaidi. Ilikuwa SLR ya kwanza yenye mikroprosesa, na kwa kuwa elektroniki ilichukua kazi za vijiti na gia, Canon ilipunguza vipande takriban 300. Kifuniko cha juu kilikuwa plastiki iliyopakwa metali. Ziliuzwa kwa mamilioni. Wanaoijua AE-1 wanajua ugonjwa wake: ile sauti ya kukohoa au kulia kila ukipiga picha. Inatoka kwenye gia za kioo, ndani kabisa, zilizokauka mafuta. Metali juu ya metali. Kifuniko cha plastiki, kilichodhaniwa kuwa kiungo dhaifu, hakihusiki na kesi hiyo.

Canon walipochoka kujificha walimwita Luigi Colani, na T90 ya 1986 ikatoka bila kona hata moja, polikaboneti inayojipinda kufuata kiganja. Baada yake kamera karibu zote za SLR zilifuata sura hiyo. Sioni kamera nyingine ya enzi ile iliyoheshimu plastiki kwa kiwango hicho: umbo lile haliwezi kupatikana kwa bamba lililokunjwa. Na T90 nyingi zimekufa. Zimekufa kwa sababu ya sumaku ya shata, ambayo kijipande laini ndani yake huoza na kunata.

Titani ilipoingia kwenye maganda, mwanzo wake ulikuwa wa heshima. Mwaka 1978 mvumbuzi wa Kijapani Naomi Uemura alisafiri peke yake na mbwa hadi Ncha ya Kaskazini, na Nikon ikamtengenezea F2 yenye maganda ya titani. Huko metali nyepesi isiyobonyea kirahisi ilikuwa na kazi. Baadaye ikaja F3/T, nayo ya kitaalamu. Kisha miaka ya 1990 titani ikahamia kwenye kamera ndogo za kifahari: Contax T2, Nikon 35Ti na 28Ti, Leica Minilux, Minolta TC-1. Lenzi zao ni bora kweli, sina ubishi. Lakini hebu tuangalie Minilux ya 1995. Ina ugonjwa ulio maarufu kuliko kamera yenyewe: skrini huandika E02, na kamera inagoma. Chanzo ni waya bapa unaojikunja kila lenzi inapotoka na kurudi, mpaka unakatika. Ganda lake la titani linaweza kukaa karne nzima likiwa limefunika kifaa kisichowaka. T2 nayo, Kyocera iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kujitoa kwenye biashara ya kamera mwaka 2005, na sakiti mpya hazitoki tena. Watu wanaendelea kuinunua kwa bei ya kutisha wakidhani wananunua kitu cha kudumu, kwa kuwa vidole vyao vinagusa titani.

Kando ya hizo iko Olympus mju-II ya 1997, polikaboneti tupu, gramu 135 bila betri, inayostahimili matone ya mvua. Lenzi yake haina haja ya kuona haya mbele ya hizo za titani. Ikifa nayo haitengenezeki kirahisi. Tofauti ni kwamba haikumdanganya mnunuzi kuhusu jambo hilo.

Mbunifu ninayemweka juu ya wote kwa suala hili alikuwa Olympus pia: Yoshihisa Maitani. XA yake ya 1979 ni ya plastiki kwa nje, na kifuniko chake cha kuteleza kinafunika lenzi, kinazima kamera, na kinaondoa haja ya mfuko na kifuniko cha lenzi kinachopotea. Maitani alianza kwa kuuliza kamera itakaa wapi isipotumika, yaani mfukoni pamoja na funguo, kisha ndipo malighafi ikachaguliwa. Ukweli ni kwamba XA nayo ina sakiti inayoweza kufa. Lakini kila kipande cha plastiki pale kipo kwa sababu inayoelezeka.

Mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, inayopiga nusu fremu (picha mbili kwenye nafasi ya moja), na mabishano ya zamani yakafufuka siku hiyohiyo. Mabamba ya juu na chini ni magnesi. Sehemu nyingine nyingi ni plastiki. Uzito wa gramu 290. Wapo walioigonga kwa kucha na kusema si chuma cha kutosha. Mimi kilichonifurahisha ni wenzo wa kusogeza filamu kwa mkono, ambao kikosi cha Takeo Suzuki kiliuunda kwa kuwauliza wahandisi wastaafu waliokuwa wakiijua kazi hiyo. Wenzo una maana kwamba motori moja, gia zake na sehemu ya mzigo wa betri vimeondolewa. Kulenga umbali nako ni kwa mkono, kwa kuzungusha pete yenye alama. Kila kitu kilichoondolewa ni kitu ambacho hakitaharibika.

Shata yake, hata hivyo, ni ya umeme, na bila betri haifyatuki. Hapo ndipo hatima ya kamera hii iko, wala si kwenye magnesi. Kama ningepewa nafasi ya kukaa kwenye kikao walichopanga gharama zake, ningeomba mabamba yale mawili yawe ya plastiki nzuri iliyotiwa nyuzi za kioo, na kiasi kilichookolewa kitumike kutengeneza sakiti na shata za akiba, ziwekwe ghalani na kuuzwa kwa fundi yeyote atakayeziomba, pamoja na mchoro unaoonyesha skrubu ipi inaanza kufunguliwa.